Siku Kitovu Kilipotangulia

Mfuko wangu wa kujifungulia ulikuwa tayari mwezi mzima kabla ya siku zangu. Niliushona mwenyewe kwa kitambaa kigumu cha kijani kilichobaki kwenye sare za shule, nikautilia vijifuko kwa ndani: hapa nyembe na uzi, hapa pamba na glovu, hapa khanga nne zilizopigwa pasi, hapa kofia na soksi za mtoto. Mimi ni fundi cherehani. Kijijini kwetu, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, watu wananijua kwa kupenda mambo yakae kwenye mstari. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa na ukurasa wa mpango wa kujifungua, na ukurasa wote niliujaza. Nani atakusindikiza: mama yangu. Nani atatoa damu ikihitajika: kaka zangu wawili. Usafiri wa dharura: pikapu ya jirani anayeshusha ndizi mjini. Mahali pa kujifungulia: hospitali kubwa ya Morogoro mjini.

Hilo la mwisho nililiandika kwa sababu ambayo sikumwambia mtu wa zahanati. Muuguzi wetu alikuwa mwanamume.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia zahanati hiyohiyo, miaka mitano nyuma, mikononi mwa mama mtu mzima aliyekuwa akitukemea na kutupakata kwa wakati mmoja. Alipostaafu tukaletewa kijana ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka thelathini. Mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini mpaka uinamishe sikio. Alikuwa ametoka mbali na hakuwa na ndugu huku milimani. Wanawake wengi walimzoea upesi, wakamwita dokta. Mama yangu alimwita "yule kijana", hata akiwa amesimama palepale anasikia.

"Mimi nimezaa saba," mama aliniambia, "na mwanaume aliyeniona ni baba yenu peke yake. Naye ilikuwa gizani."

Kupimwa tumbo juu ya khanga sikuona tabu. Lakini kulala mbele yake nikiwa wazi, hapana. Kwa hiyo nilipanga kwamba wiki mbili kabla ya siku zangu nishuke Bigwa, nikakae kwa shangazi, na uchungu ukinianza niwe karibu na hospitali yenye wakunga wanawake. Mume wangu alikuwa Turiani, anatengeneza matrekta ya mashamba ya miwa. Nilipompigia simu alikubali kabla sijamaliza. "Nenda ukazalishwe na wanawake wenzako," alisema. Tukapanga nishuke Jumamosi.

Kabla ya hapo kuna siku moja ya kliniki ambayo lazima niieleze. Yule muuguzi alitukusanya wajawazito wote kwenye mabenchi ya barazani, akatuambia mambo yanayoweza kutokea bila kubisha hodi: damu nyingi, kifafa cha mimba, mkono wa mtoto kutangulia. Kisha akatandika mkeka sakafuni, akapiga magoti mbele yetu, mtu mzima na koti lake jeupe, akaweka shavu chini na kuinua makalio juu.

"Chupa ikipasuka ukahisi kuna kitu kimetoka, laini kama utumbo, kinadunda, hicho ni kitovu," alisema akiwa hivyohivyo, sauti inabanwa na sakafu. "Usikivute. Usikisukume. Usisimame. Kaa hivi nilivyokaa, ili mtoto arudi nyuma asikikandamize kitovu chake mwenyewe. Halafu uite watu."

Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akashika tumbo. Mimi nilicheka kuliko wote. Aliinuka, akakung'uta magoti, naye akatabasamu kidogo. "Chekeni, dada zangu. Lakini mkifika nyumbani, kila mmoja amwoneshe anayemsindikiza."

Nilimwonesha mama jioni ile, jikoni, nikiwa bado nacheka. Mama aliniangalia, akaendelea kukuna nazi. "Na huyo ndiye mnayemwita dokta," alisema.

*

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya safari yangu. Nilikwenda zahanati kupima kwa mara ya mwisho na kuandikiwa barua ya kwenda nayo hospitali. Mama alinifuata, si kwa sababu nilimwita, bali kwa sababu hakupenda niwe mbele ya yule kijana bila mtu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na sasa imeacha. Tulikuwa wanawake sita kwenye benchi, na mama mfanyakazi wa zahanati akipiga deki.

Muuguzi aliponipima alikaa muda mrefu na mkono wake juu ya kinena changu. "Kichwa bado kinaelea," alisema. "Na maji ni mengi. Dada, usingoje Jumamosi. Shuka leo."

"Nitashuka leo," nikasema, na nilimaanisha. Nikatoka nje kumsubiri aandike barua.

Nilikuwa nimesimama barazani, mkono mmoja ukutani, niliposikia ndani yangu kitu kama uzi mnene unaokatika. Maji yakashuka kwa kishindo, yakalowesha khanga, miguu, sakafu. Wenzangu wakaruka. Jambo la kwanza nililolifikiria, na naona aibu kuliandika, lilikuwa kwamba yule kijana asinione. Nikaenda haraka chooni, nyuma ya jengo, nikafunga mlango kwa komeo.

Nikiwa humo ndani nikahisi kitu kimeteleza na kutoka, kinagusa paja langu. Nikapeleka mkono. Kilikuwa cha moto, kinateleza, kinene kama kidole gumba, na kilikuwa kinadunda chini ya vidole vyangu. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, lakini kile kilikwenda mbio kuliko moyo wangu. Hayakuwa mapigo yangu. Nilikuwa nimemshika mwanangu mahali ambapo mtu hatakiwi kushikwa.

Sikufikiri. Nilipiga magoti kwenye saruji yenye maji, nikaweka shavu chini, nikainua makalio. Sikukumbuka kucheka. Niliita, "Mama! Mama yangu! Kitovu!"

Mlango ulikuwa na komeo. Nilinyoosha mkono nikiwa chini vilevile, nikalisukuma kwa ncha za vidole mpaka likatoka. Mama akaingia, akaona, akaweka mikono kichwani. Nyuma yake nikaona miguu ya muuguzi, raba nyeusi zenye matope.

"Mama, naomba nipite," alisema.

Mama alisimama mlangoni, kaweka mikono kwenye miimo yote miwili. "Ngoja. Ngoja kwanza nimfunike. Mwite yule mama mfanyakazi."

"Mama, hatuna muda wa kungoja."

"Nimesema ngoja! Hapa hapana mwanamke?"

"Yupo, lakini hajawahi kufanya hili. Mama, mtoto akishuka akakilalia kitovu, ni dakika chache tu. Nakuomba. Nakuomba kama mwanao."

Mama hakutoka. Najua hakuwa anakataa mjukuu wake aishi. Alikuwa amesimama mahali ambapo maisha yake yote yalimwambia asimame.  Basi nikasema mimi.

"Mama, mpishe."

"Mwanangu…"

"Mpishe, mama. Mimi ndiye nimesema."

Akashusha mikono. Muuguzi akaingia, akavaa glovu akiwa amekwisha piga magoti nyuma yangu. "Dada, naingiza mkono. Nakisukuma kichwa cha mtoto juu, kisibane. Itauma. Usisukume hata ukisikia kusukuma." Iliuma. Nikasikia kuku wanaparua nyuma ya ukuta.

"Kinadunda," akasema. "Kinadunda vizuri."

Nilianza kulia.

*

Kuanzia dakika ile mkono wake haukutoka. Yule mama mfanyakazi wa zahanati alimpigia jirani yetu mwenye pikapu, yule niliyemwandika kwenye kadi. Alikuwa ameshuka na ndizi tangu alfajiri, yuko sokoni mjini. Akapiga namba nyingine, nayo haikupokelewa. Muuguzi alisema kwa sauti ileile ya chini, bila kugeuka, "Nenda njia panda. Kuna gari linapakia pale. Waambie wamwage mzigo."

Akaenda akikimbia. Wakati huo wanawake watatu wa kwenye benchi, na matumbo yao, walituletea godoro, khanga, chupa ya maji ya dripu. Muuguzi aliwaelekeza kwa maneno. Mmoja wao akampa mpira mwembamba wa mkojo, naye akaupitisha kwa mkono wa kushoto na kunijaza kibofu yale maji ya dripu, akaeleza kwamba kibofu kikijaa kinasaidia kumwinua mtoto. Sehemu ya kitovu iliyokuwa nje aliifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Yule mama mfanyakazi aliporudi, akamwambia aipigie simu hospitali na kuiambia maneno haya, na aliyasema mara mbili: kitovu kimetangulia, mtoto yuko hai, nimeshika, andaeni chumba cha upasuaji.

Uchungu ulikuwa umeanza. Kila ulipokuja nilisikia kichwa cha mtoto kikishuka na mkono wa muuguzi ukikikatalia. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Gari likaja, kioo kikiwa kimejaa matope. Dereva alikuwa mtu nisiyemfahamu, amechafuka utomvu wa ndizi mpaka shingoni. Sijui walivyoninyanyua. Najua walikuwa wengi, wakanibeba kifudifudi na godoro langu kama wanavyobeba meza, na muuguzi akitembea amejikunja nyuma yangu, mtu mmoja akimshika mabega asijikwae. Nikawekwa nyuma ya pikapu, juu ya majani makavu ya migomba, wakafunga turubai juu. Mama akapanda. Mfuko wangu wa kijani ulikuwa nyumbani, umening'inia msumarini.

"Dereva," muuguzi alisema, "kimbia panapokimbilika. Penye mashimo, tambaa. Ukitutupa, mkono utatoka."

"Nimekuelewa, dokta."

Kutoka kwetu mpaka mjini, barabara ikiwa kavu, ni zaidi ya saa moja. Siku ile haikuwa kavu.

Safari nzima sikuona mlima wala mto. Niliona mbao za sakafu ya gari, matone ya utomvu yaliyokauka, na sisimizi mmoja aliyekuwa akihangaika na ganda la ndizi. Nikitazama nyuma kati ya magoti yangu niliona magoti ya muuguzi. Kila kona alipepesuka. Hakuwa na mkono wa kujishikia, maana wa kulia ulikuwa kwangu na wa kushoto alikuwa ameuegemeza kwenye nyonga yangu. Kwenye mteremko wa kwanza alikaribia kuanguka ubavu. Ndipo mama alipomzungushia mikono kiunoni kutoka nyuma, akafumbata vidole vyake mbele ya tumbo la yule kijana, akajipachika miguu kwenye ubao wa gari.

"Kaa sawa, baba," mama akamwambia. "Nimekushika. Wewe shika huko."

Alimshika hivyo mpaka tulipofika.

Nilikuwa na swali moja tu. "Kinadunda?"

"Kinadunda."

Baada ya kona mbili, "Kinadunda?"

"Kinadunda, dada. Pumua kwa mdomo."

Sijui tulikwenda muda gani kabla gari halijasimama. Nikasikia dereva akiteremka, akatukana, akarudi. Fuso la mananasi lilikuwa limezama tope katikati ya barabara, limelala upande. Hapakuwa na nafasi ya kupita ila pembeni, kwenye ukingo, na ukingo ulikuwa utelezi. Watu wa fuso walikuwa wamekaa juu ya mawe wakingoja. Waliposikia ni mjamzito wakaja, na mmoja akainua turubai.

Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. "Shusha turubai! Mnatazama nini? Mmezaliwa na jiwe?"

Turubai likashuka. Dereva akawaeleza kwamba lazima wasukume kutoka nyuma, na wengine washikilie gari kwa kamba lisiteleze bondeni.

"Sukumeni mkiangalia chini!" mama akaamrisha. "Atakayeinua macho ataniona!"

Nikasikia mikono ikigota kwenye bodi ya gari, pande zote. Injini ikapiga kelele, gari likainama upande wa bonde mpaka godoro likaanza kuteleza na mimi juu yake. Mama akamkumbatia muuguzi, muuguzi akanibana nyonga, na mimi nikabana mbao kwa kucha. Uchungu ulinijia hapohapo, mkubwa kuliko yote. Mwili wangu wote ulitaka kusukuma. "Usisukume!" muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa juu. "Puliza! Puliza kama unapuliza moto wa kuni mbichi!" Nikapuliza, nikapuliza, vumbi la majani ya migomba likaniingia machoni. Gari likaruka, likatua, likanyooka. Nje watu walishangilia kama mpira umeingia golini.

"Kinadunda?" nikauliza.

Kimya.

"Kaka, kinadunda?"

"Sijui, dada."

Gari lilikuwa limeanza tena kwenda. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Vidole vimekufa ganzi," akasema. "Tangu ule uchungu. Sihisi kitu. Sihisi hata kichwa. Naona tu mkono wangu uko palepale."

Angeweza kunidanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi, kwamba mtu mwingine angesema kinadunda, ili nitulie, na nisingejua. Yeye hakusema. Wakati ule nilimchukia kwa hilo. Nilijaribu kumsikiliza mtoto mwenyewe, kama amecheza, kama amepiga teke, lakini tumbo lote lilikuwa gumu kama ngozi ya ngoma na sikujua kilicho chake na kilicho changu.

"Basi toa mkono," nikasema. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani nilikuwa nimechoka kutumaini.

"Sitoi."

"Kama amekufa…"

"Mimi sijaambiwa amekufa. Sitoi."

Mama akaanza kusoma, midomo karibu na mgongo wa yule kijana, taratibu, aya fupi zile za Kurani ambazo watoto hufundishwa mwanzo chuoni. Alisoma, akimaliza anaanza upya. Muuguzi, ambaye hakuwa Mwislamu, aliitikia "amina" kila mama aliponyamaza kuvuta pumzi.

Kisha mtikisiko ukakoma ghafla, magurudumu yakawa yanavuma. Lami. Nikajua tuko Bigwa. Nyumba ya shangazi ilikuwa hapo, chumba kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa kwa ajili yangu. Tukaipita bila mimi kuiona.

*

Hospitalini walikuwa wanatungoja mlangoni na kitanda cha magurudumu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Hakusalimia mtu.

"Nani ameshika?"

"Mimi," akasema muuguzi.

"Muda gani?"

"Saa moja na nusu na kitu. Sihisi mapigo tena, daktari. Vidole havifanyi kazi."

"Usitoe. Njoo hivyohivyo."

Walinihamishia kwenye kitanda kile kifudifudi, yeye akapanda nyuma yangu akiwa amepiga magoti. Tukapita ukumbi mrefu, watu wanakaa pembeni. Ndani, muuguzi mwingine alinipitishia kifaa kidogo chini ya tumbo. Kikakoroma tu, krrr, krrr, kama redio iliyopoteza stesheni. Akakisogeza. Kikakoroma. Akakisogeza tena, na nikasikia dup. Halafu muda ukapita ambao nilidhani hautaisha. Dup.

"Yupo," daktari akasema. "Anachoka. Twendeni."

Wakaniletea karatasi ya kukubali kupasuliwa. Mtu mmoja akauliza mume yuko wapi, daktari akamjibu, "Mgonjwa anajua kuandika." Nilisaini nikiwa shavu juu ya shuka, herufi zikipanda na kushuka. Kisha nikageuzwa chali, mkono wake ukiwa bado ndani, yeye amejikunja chini ya mashuka ya kijani ambapo hakuonekana tena na mtu. Wakanipa nusu kaputi. Kitu cha mwisho nilichosikia ni daktari akimwambia, "Nikikuambia toa, ndipo utoe."

Nilipoamka koo lilikuwa kavu na tumbo linawaka. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, khanga yake ina madoa ya utomvu wa ndizi. Alikuwa ananiangalia. Macho yake yalinitisha kuliko barabara yote.

"Yuko wapi?"

"Ni msichana," akasema. "Alipotoka hakulia. Nilikuwa mlangoni, nilitega sikio, hakulia. Nikahesabu mpaka nikasahau hesabu. Ndipo akalia, kidogo tu, kama paka."

Alikuwa wodi ya watoto wachanga, kwenye oksijeni. Daktari alikuja jioni, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akavua viatu kidogo bila kujua kwamba anavivua. Aliniambia kwamba mtoto anapumua, na kwamba kuna muda ambao damu haikumfikia vizuri, na hakuna mtu anayeweza kusema ulikuwa muda gani. "Kwa sasa yuko hai," alisema. "Mengine tutayajua anavyokua."

Nikauliza habari za muuguzi wetu. Alikuwa amekwisha ondoka. Mama alinieleza kwamba alitoka chumba cha upasuaji mkono ukiwa umening'inia kama si wake, umevimba mpaka kwenye kiwiko. Walimpa chai, kikombe kikamshinda, na mama alimshikia kikombe akanywa. Halafu akasema zahanati haina mtu, kuna kina mama wameachwa kwenye benchi. Akapanda pikapu ileile ya ndizi, akarudi mlimani.

*

Mume wangu alifika kesho yake mchana, mikono ina grisi. Nilimsimulia yote, tangu chooni, sikuficha. Alinisikiliza akitazama dirishani.

"Njia nzima?" akauliza.

"Njia nzima."

Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Siku mbili tulizungumza habari za maziwa na dawa tu. Siku ya tatu aliniaga kwamba anakwenda nyumbani kuleta nguo. Alirudi usiku, suruali ina tope mpaka magotini, mfuko wangu wa kijani begani. Nikajua alipita zahanati. Sikumuuliza walizungumza nini, na mpaka leo hajaniambia. Alivua viatu, akasema, "Bado mkono unamuuma." Kisha akaomba apelekwe kumwona mtoto, na tangu hapo hakuwa mtu wa kutazama dirishani.

Tulikaa hospitali majuma matatu. Kisha tukarudi nyumbani na yale maneno ya daktari, mengine tutayajua anavyokua, na maneno hayo yakawa kama mtu mwingine ndani ya nyumba yetu. Shingo ya mtoto ilichelewa kukaza. Watoto wa wale wenzangu wa kwenye benchi walikaa, wakatambaa, wakashika ukuta. Wangu aliwatazama. Mkono wake wa kushoto aliukunja ngumi hata usingizini, na mimi nilikuwa nikiufungua kidole kimoja kimoja, kila siku, mara nyingi kwa siku, kama daktari alivyonielekeza.

Kliniki nilikwenda kila mwezi. Muuguzi alimpima, akampitishia kalamu mbele ya macho, akamgongea kijiko kando ya sikio, na mimi nilikuwa nausoma uso wake kuliko nilivyousoma uso wa mtoto. Lakini macho yake sikuweza kuyatazama. Nilizungumza nikiangalia mizani. Nilikuwa na shukrani kubwa na nilikuwa na haya, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kimoja kukifukuza kingine. Mwezi wa tano au wa sita, akiwa anaandika kwenye kadi, alisema bila kuinua kichwa:

"Dada, siku ile mimi sikumwona mtu. Nilikuwa na vidole vitano na kitu kinadunda. Baadaye nikawa na vidole vitano tu."

 Nilimfunga mtoto mgongoni, na nilipofika mlangoni nikageuka, nikamwangalia, nikasema ahsante. Aliitikia kwa kichwa, akamwita mwingine.

Mtoto alikaa akiwa na miezi kumi. Alitambaa kwa kuburuta upande mmoja. Mwaka ulitimia, ukapita, na watu waungwana waliacha kuniuliza kama anatembea. Mama alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi kila jioni.

Ilikuwa mwaka na miezi saba, asubuhi, wakati wa mavuno ya pilipili manga. Tulikuwa tumeianika uani kwenye mikeka mitatu, na mimi nilikuwa kwenye cherehani barazani, nashona mkono wa gauni. Mtoto alikuwa amejishikilia kwenye kigoda. Nikamwona anakiachia. Alisimama akiyumba, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani, kisha akaingia kwenye mkeka, hatua moja, mbili, nne, pilipili zikitawanyika chini ya nyayo zake na kumfuata.

"We mtoto! Unaharibu pilipili!" mama akafoka kutoka jikoni, akatoka na mwiko. Kisha akaona. Akakaa chini palepale, mlangoni, mwiko umeshikwa hewani.

Mtoto alivuka mikeka yote mitatu kabla hajaanguka.